Wahudumu wa makazi ya wazee wafundishwe kuzuia UTI

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie afya ya wazee wanaoishi kwenye makazi, yawe ya serikali kama Nunge pale Kigamboni, Kolandoto kule Shinyanga, Sebleni na Welezo kwa Unguja, au yale yanayoendeshwa na mashirika ya dini na watu binafsi. Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo siku hizi kila mtu anayaita UTI, ni miongoni mwa maradhi yanayowasumbua zaidi wazee wa makazi popote duniani. Kwetu yakitajwa, mazungumzo huwa ni ya dawa: ipi kali, ipi imegoma, nani ana UTI sugu. Sisi tunaona sehemu kubwa ya kazi iko kabla ya dawa, na iko mikononi mwa mhudumu: yule anayemwogesha mzee, anayembadilisha pampasi, anayempa maji na kumwaga mkojo uliojaa kwenye mfuko. Huyo ndiye wa kufundishwa kwanza, na ndiye anayeachwa nyuma semina zinapoitishwa.

Bakteria wanaoleta UTI hawatoki mbali. Wengi huishi kwenye utumbo wa mtu mwenyewe, hutoka na kinyesi, kisha hupanda kwenye tundu la mkojo. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kama sentimita 4 tu, na baada ya hedhi kukoma ngozi ya uke hukonda na kupoteza kinga yake ya asili. Kwa mwanaume, tezi dume iliyokua huibana njia, mkojo ukabaki kibofuni na bakteria wakapata mahali pa kuzaliana. Kisukari na kiharusi navyo huongeza hatari. Kuna na jambo moja linalosahaulika sana, nalo ni kufunga choo. Kinyesi kilichokauka kwenye puru hukandamiza kibofu, mzee akawa anatoka mkojo kidogo kidogo mchana kutwa. Wahudumu humwona anajikojolea, wakamvalisha pampasi, kumbe kibofu kimejaa na mkojo hautoki wote. Kwa hiyo siku ambazo mzee hakupata choo ziandikwe, na zikifika tatu muuguzi ajulishwe.

Tuanze na usafi, kwa sababu hapo ndipo makosa ni mengi na marekebisho hayagharimu kitu. Mzee aliyejisaidia asafishwe kwa maji na sabuni isiyo kali, kuanzia mbele kwenda nyuma, bila kurudi. Kitambaa kilichopita sehemu ya haja kubwa kisirudishwe mbele hata kama kinaonekana safi. Kikunjwe upande mwingine au kibadilishwe. Kwa bibi, mashavu ya uke yafunuliwe taratibu na kusafishwa upande mmoja, kisha mwingine, kisha katikati, tena kwa juu tu, maana ndani hakuoshwi. Kwa babu ambaye hajatahiriwa, govi lirudishwe nyuma, pasafishwe, pakaushwe, kisha govi lirudishwe mahali pake. Likiachwa nyuma hukaza, likavimba na kuwa dharura ya hospitali. Pale mzee anapotawaza mwenyewe kwa kopo, mhudumu amsaidie kukaa vizuri ili maji yatiririke kutoka mbele, na mkono uliosafisha nyuma usirudi mbele kabla haujaoshwa kwa sabuni.

Kuna desturi ya kutia Dettol au dawa nyingine ya kuua vijidudu kwenye beseni la kumwogeshea mzee sehemu za siri. Nia ni njema, lakini dawa hizo hukausha na kuchubua ngozi ambayo tayari ni nyepesi, na ngozi iliyochubuka ni mlango wa maambukizi. Maji safi na sabuni ya kawaida vinatosha. Baada ya hapo apakwe vaselini au krimu ya zinki pale pampasi inapogusa.

Pampasi iangaliwe kila baada ya saa 2 mchana, na ibadilishwe mara moja ikiwa na kinyesi. Kungoja zamu inayofuata ndiko kunakoumiza. Tunajua pampasi za watu wazima ni ghali na makazi mengi hubana matumizi, lakini zipo njia za kuzipunguza bila kumwacha mzee kwenye uchafu. Wazee wengi wanaovalishwa pampasi wangeweza kutumia choo kama wangekumbushwa na kushikwa mkono: anapoamka, baada ya kila mlo, kabla ya kulala. Mhudumu aseme, “Bibi, twende msalani kabla ya chai,” asingoje aitwe. Akifika, aketi miguu ikigusa sakafu, ainame mbele kidogo, na akimaliza angoje dakika moja kisha ajaribu tena. Jaribio hilo la pili hutoa mkojo uliobaki chini ya kibofu.

Hapa heshima ni sehemu ya tiba. Bibi wa miaka 80 anayeoshwa na kijana wa kiume asiyemjua atabana mkojo mpaka zamu ibadilike, na atakataa maji ili asihitaji kwenda. Zamu zipangwe ili wanawake wahudumiwe na wanawake, pazia livutwe, na khanga imfunike sehemu isiyosafishwa.

Sasa maji. Uzee hupunguza hisia ya kiu, kwa hiyo kumuuliza mzee kama ana kiu hakusaidii. Wengine hujinyima kwa makusudi wakiogopa kulowesha kitanda. Lengo la kawaida ni lita 1.5 mpaka 2 kwa siku, isipokuwa kwa mzee mwenye moyo au figo zilizodhoofika, ambaye kiasi chake hupangwa na daktari na kuandikwa kitandani pake. Kusema tu “wazee wanywe maji mengi” hakuleti matokeo, panatakiwa ratiba. Katika makazi 4 ya wazee huko Berkshire, Uingereza, walianzisha mizunguko 7 ya vinywaji kila siku kwa saa maalumu. UTI zilizohitaji antibayotiki zilipungua kwa asilimia 58, na zilizomfikisha mzee hospitalini zikapungua kwa asilimia 36. Hakukuwa na dawa mpya pale. Kulikuwa na mhudumu aliyepita na trei kwa wakati.

Mpango huo unawezekana Kigamboni kama unavyowezekana Uingereza. Glasi ya mililita 200 ikitolewa mara 7 ni lita 1.4, na uji, mchuzi, supu, tikitimaji na machungwa hujazia. Chai ya rangi isiyokolea inahesabiwa, na maziwa pia. Mizunguko iwe anapoamka, kwenye chai ya asubuhi, saa 4, mchana, saa 10, chakula cha jioni, na wa mwisho mapema usiku, saa moja na nusu hivi, ili asiamke gizani kwenda chooni akaanguka. Mzee mwenye mikono inayotetemeka apewe kikombe chepesi chenye mikono miwili, kilichojaa nusu, mara nyingi zaidi. Mwenye kiharusi asinyweshwe akiwa amelala. Aketishwe wima, na akikohoa kila anapomeza muuguzi aambiwe kabla ya kuendelea. Mwezi wa Ramadhani, kwa mzee anayefunga kwa ruhusa ya daktari, glasi hizo zigawanywe kati ya futari na daku badala ya kunywewa zote kwa mkupuo.

Mpira wa mkojo, yaani mrija unaopitishwa kwenye njia ya mkojo mpaka kibofuni ili mkojo utirirkie kwenye mfuko, ndio unaohitaji maneno mengi zaidi. Kila siku mpira unapokaa ndani, uwezekano wa bakteria kuingia kibofuni huongezeka kwa asilimia 3 mpaka 7, na ukifika mwezi karibu kila mwenye mpira huwa nao. Bakteria hao hujenga utando kwenye kuta za mpira ambao dawa haiupenyi vizuri. Kinga kubwa kuliko zote basi ni kutouweka pasipo sababu, na kuutoa mapema. Sababu za kweli ni chache: mkojo kuziba kabisa, kidonda kikubwa cha mgongoni au makalioni kinacholoweshwa na mkojo, au mgonjwa wa siku za mwisho anayeteseka akigeuzwa. Kujikojolea peke yake si sababu, wala uchache wa wahudumu usiku si sababu. Kwa babu asiye na kizuizi cha mkojo, mpira wa kuvalishwa nje kama kondomu una hatari ndogo zaidi, mradi saizi ipimwe na ngozi ikaguliwe kila siku.

Mzee anaporudi kutoka hospitali na mpira, mhudumu anayempokea aulize mambo manne na kuyaandika: uliwekwa lini, kwa nini, saizi gani, na utatolewa lini. Kama barua ya hospitali haisemi, simu ipigwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Wapo wazee wanaokaa na mpira miezi mingi kwa sababu tu hakuna aliyeuliza. Kuutoa ni kazi ya muuguzi: bomba la sindano hunyonya maji yote ya puto dogo linaloushikilia mpira kibofuni, kwa kawaida mililita 10, ndipo mpira uvutwe taratibu. Usikatwe kwa mkasi, na usivutwe puto likiwa limejaa. Ni vizuri utolewe asubuhi, ili saa 6 mpaka 8 zinazofuata, wakati watu wapo, mzee aangaliwe kama anakojoa na kama tumbo la chini linajaa.

Mpira ukiwa lazima ubaki, mfumo wake wote ubaki umefungwa, kutoka kibofuni mpaka kwenye mfuko. Tatizo kubwa ni kuuchomoa mpira kwenye bomba la mfuko ili mfuko ukaoshwe na kurudishwa. Kila unapochomolewa, bakteria wamefunguliwa mlango. Mfuko ukivuja au kuziba, ubadilishwe mzima kwa mikono safi. Ufungwe chini ya usawa wa kibofu wakati wote, lakini usiguse sakafu. Ndoano ya kitanda au kamba safi inatosha. Wakati wa kumhamisha mzee kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, wahudumu wengi huuweka mfuko mapajani pake au tumboni. Kitendo hicho cha nusu dakika hurudisha mkojo uliosimama kwenye bomba mpaka kibofuni. Umwagwe kwanza, kisha ushikwe chini ya usawa wa nyonga mpaka mzee akae. Bomba lisikunjwe wala kulaliwa, na mpira ubandikwe pajani kwa plasta ukiwa na ulegevu kidogo, maana mpira unaovutwavutwa hukwaruza njia ya mkojo.

Mfuko umwagwe unapofika theluthi mbili, au kila baada ya saa 8, lolote litakalotangulia. Mhudumu anawe, avae glavu mpya, aweke chombo cha mzee huyo chini ya koki, afungue bila ncha ya koki kugusa chombo, amwage, afunge, aifute ncha kwa pamba yenye spiriti, apime kiasi na kukiandika, avue glavu, anawe tena. Maneno “chombo cha mzee huyo” tunayasisitiza. Kupita na ndoo moja na glavu zile zile kitanda kwa kitanda ndiyo njia ya uhakika ya kuhamisha bakteria sugu kutoka kwa mmoja mpaka kwa chumba kizima. Makopo ya plastiki yenye vipimo, yaliyoandikwa majina na kuanikwa yakiwa yamepinduliwa, ni ya bei ndogo. Kunawa kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 mpaka 60. Kwa kitakasa mikono chenye spiriti, sekunde 20 mpaka 30. Pasipo maji ya bomba, ndoo yenye koki iwekwe ndani ya chumba cha wazee, si nje karibu na geti.

Mahali mpira unapoingilia paoshwe kwa maji na sabuni mara moja kwa siku na kila baada ya haja kubwa, kwa kufuta kutoka mwilini kwenda nje. Krimu za antibayotiki hazihitajiki hapo. Kusukuma maji kibofuni kila wiki “kusafisha” nako hakuzuii maambukizi. Kunafanywa tu kwa agizo la kitabibu.

Tunakuja kwenye kipimo, na hapa tunasema wazi kwamba wazee wengi wanatibiwa UTI wasiyokuwa nayo. Tafiti za makazi ya wazee zimeonyesha kuwa kati ya robo na nusu ya wanawake, na asilimia 15 mpaka 40 ya wanaume, wana bakteria kwenye mkojo bila kuumwa chochote, hata wasio na mpira. Kijiti cha kupimia kikibadilika rangi, au maabara ikiandika “bakteria wapo”, hiyo peke yake si UTI. Miongozo ya madaktari wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani ya mwaka 2019 inashauri bakteria wasio na dalili wasitibiwe kwa wazee hawa. Kijiti kina faida upande mmoja: kikionyesha hakuna nitraiti (kemikali inayotengenezwa na bakteria wengi) wala chembe nyeupe za damu, UTI haielekei kuwepo.

Mhudumu afundishwe dalili za kweli. Kwa mzee asiye na mpira: maumivu au kuungua ghafla wakati wa kukojoa, au homa inayozidi nyuzi 37.9, au iliyopanda nyuzi 1.5 juu ya joto lake la kawaida, pamoja na dalili mpya kama kukojoa mara kwa mara, haraka ya ghafla, damu kwenye mkojo, maumivu chini ya kitovu au ubavuni, au kuanza kujikojolea. Kwa mwenye mpira: homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya ubavu, au kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla. Mkojo kunuka au kuwa na rangi nzito mara nyingi ni upungufu wa maji, na dawa yake ya kwanza ni glasi ya maji.

Mzee asiye na mpira aliyechanganyikiwa ghafla, bila homa wala dalili ya mkojo, asipelekwe moja kwa moja kwenye antibayotiki. Aangaliwe kama amekunywa maji, amepata choo, ana maumivu, sukari imeshuka, au ameanzishiwa dawa mpya. Akiwa na homa, hapa kwetu malaria ipimwe, na kifua kisikilizwe. Kumpa siprofloksasini “kwa tahadhari” kuna gharama: dawa hiyo yenyewe huweza kumchanganya mzee, kuumiza kano za miguu, na kumshusha sukari anayetumia vidonge vya kisukari. Vilevile huacha nyuma bakteria waliozoea dawa, na siku ya UTI ya kweli dawa zikakataa.

UTI ikishukiwa kweli, mkojo uoteshwe, yaani bakteria wakuzwe maabara ili wajulikane, na uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Mzee asafishwe, mkojo wa mwanzo umwagike, wa katikati uingie kwenye kichupa safi cha maabara, ufike ndani ya saa 2 au ukae kwenye friji mpaka saa 24. Mkojo wa kukamuliwa kwenye pampasi au wa kuchotwa kwenye mfuko haufai, kwa sababu unaotesha bakteria wa pampasi na mfuko. Mpira uliokaa zaidi ya wiki 2 ubadilishwe kwanza, kipimo kichukuliwe kutoka kwenye mpya. Mzee anayetetemeka, anayepumua haraka, mwenye mikono baridi au asiyeamshika vizuri asingoje majibu. Huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo.

Mafunzo ya haya yote hayahitaji ukumbi wa hoteli. Mpango uliohusisha nyumba za wazee zaidi ya 400 nchini Marekani, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017, ulipunguza UTI za wenye mipira kwa asilimia 54, na uliegemea kuondoa mipira isiyohitajika, usafi wa uwekaji, ukaguzi wa kila mara na kufundisha wahudumu. Kwa makazi yetu tunapendekeza dakika 20 wakati wa kupokezana zamu, somo moja kwa wiki: wiki hii kumwaga mfuko, ijayo kusafisha, inayofuata vinywaji. Muuguzi aonyeshe, mhudumu arudie mbele yake, akosolewe hapo hapo kwa upole, na asihesabiwe amejua mpaka afanye bila kukumbushwa. Mhudumu mpya asiachwe peke yake zamu ya usiku kabla ya kupita hatua hizo. Wapishi wafundishwe somo la vinywaji, na wanaofua shuka wafundishwe kunawa.

Matokeo yapimwe. Kila asubuhi mtu mmoja ahesabu wazee wenye mipira na kuandika idadi ukutani. Wazee 5 kwa siku 30 ni siku 150 za mpira. Likitokea ambukizo 1, gawa kwa 150 na zidisha kwa 1000, unapata maambukizi 6.7 kwa kila siku 1000 za mpira. Namba hiyo ikifuatiliwa mwezi hadi mwezi, mkuu wa makazi ataona kama mafunzo yanafanya kazi au watu wamerudia walivyozoea.

Ombi letu kwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, kwa wenzao wa Zanzibar, na kwa wamiliki wa makazi binafsi, ni kwamba fomu ya ukaguzi iongezwe maswali machache yanayojibika kwa macho: Kila mwenye mpira ana tarehe na sababu iliyoandikwa? Kila mmoja ana chombo chake cha kumwagia mkojo? Ratiba ya vinywaji ya leo imejazwa mpaka saa hii? Na mhudumu wa zamu, akiombwa amwage mfuko mbele ya mkaguzi, anaanza kwa kunawa?

Wauguzi wakufunzi wa huduma za wazee,
Dar es Salaam